Kusomea Afya ya Jamii kwa Kijana wa Unguja na Pemba: Njia ya Chuo na Njia ya Kazi

Mwezi Machi mwaka 2024, katika Kisiwa cha Panza kilichopo kusini mwa Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine wakalazwa hospitali. Novemba 2021 watu saba walikuwa wamekwisha kufa kisiwani Pemba kwa sababu iyo hiyo. Daktari aliyewapokea wagonjwa wale alikuwa na kazi yake, ya kumhudumia mmoja mmoja na kumsaidia apumue na asiishiwe maji, kwa kuwa sumu ya kasa haina dawa ya kuiondoa mwilini. Lakini yapo maswali yasiyojibiwa wodini. Nani mwingine amekula, na nyama iliyobaki imegawiwa nyumba zipi? Mama anyonyeshaye aliyekula aambiwe nini, ikiwa sumu hiyo huweza kupita katika maziwa? Na watu waliokula kasa tangu enzi za babu zao, wengi wao bila ya kudhurika, wataliaminije tangazo kwamba hata kuichemsha nyama hiyo kutwa nzima hakuiondoi sumu? Anayeshughulika na maswali haya ndiye mtu wa afya ya jamii, na mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kuwa mtu huyo.

Nitasema mapema jambo ambalo ningependa niambiwe mimi kabla sijajaza fomu. Kwa mtu wa Zanzibar, mlango ulio salama zaidi wa kuingilia fani hii ni kozi inayompa kada, yaani aina ya kazi ya kitaalamu, inayojulikana katika muundo wa utumishi, kama vile afya ya mazingira, uuguzi au maabara, kisha afya ya jamii kwa upana wake ije katika shahada ya pili. Mimi nilifanya kinyume. Nilichagua kozi kwa uzuri wa jina lake, nikamaliza kwa alama nzuri, nikarudi nyumbani, na katika dawati la kwanza nililofika nikaulizwa, "Wewe kada yako ni ipi?" Sikuwa na jibu la neno moja. Nilikaa mwaka mmoja na nusu nikikusanya data kwa ajili ya miradi ya watu wengine kabla mambo hayajanyooka, na ingawa kukusanya data kulinifunza mengi, sioni sababu ya mwengine kupita njia hiyo ndefu ikiwa ya mkato ipo.

Jina moja, kozi nyingi

Neno "afya ya jamii" hubeba mambo mengi kwetu. Ndani yake imo afya ya mazingira, inayoshughulika na maji, chakula, taka, makaazi na bandari. Imo epidemiolojia, yaani elimu ya namna maradhi yanavyoenea na kwa sababu gani yanampata huyu na kumwacha yule. Zimo takwimu za afya, lishe, elimu ya afya kwa umma, afya ya mama na mtoto, pamoja na uendeshaji wa mifumo ya afya na fedha zake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huonja kila kimoja na hushiba kimoja au viwili tu. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la kozi lililoandikwa juu ya ukurasa. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, uangalie ni saa ngapi zimewekwa kwa takwimu na ni wiki ngapi kwa mafunzo kwa vitendo, kisha muulize mtu aliyemaliza kozi hiyo hiyo miaka miwili iliyopita yuko wapi sasa. Swali hili la mwisho lina thamani kuliko kipeperushi chochote.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo vijana wengi hawalijui mpaka liwaguse. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, afya siyo. Maana yake ni kwamba Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ndiyo inayosimamia vyuo vikuu vya pande zote mbili, na shahada ya Dodoma na ya Unguja hupimwa kwa kipimo kimoja, lakini unapofika wakati wa kuajiriwa na kusajiliwa, Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, sheria zake za afya na mabaraza yake ya taaluma. Aliyesajiliwa Tanzania Bara asidhani kwamba karatasi ile inamtosha atakapovuka bahari, na aliyesoma hapa asidhani kinyume chake. Kabla ya kuchagua kozi, nenda idara ya utumishi ya Wizara ya Afya ukaulize kama jina la kozi hiyo limo katika muundo wa kada, na kama limo, linasajiliwa na baraza gani. Asubuhi moja inatosha.

Wapi pa kusoma, na kwa sifa zipi

Kilicho karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ambacho kiliunganishwa na kilichokuwa chuo cha sayansi za afya cha Mbweni, na kwa hivyo kimerithi desturi ndefu ya kuwafundisha maofisa afya, wauguzi na mafundi wa maabara. Upande wa pili wa bahari kipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, chenye skuli maalumu ya afya ya jamii na shahada ya sayansi za afya ya mazingira. Vipo pia vyuo vya Dodoma, Moshi na Mwanza. Sioni aibu kusema kwamba kwa shahada ya kwanza ningemshauri asiye na sababu ya kuondoka abaki visiwani, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu masheha, vituo vya afya na maofisa atakaokutana nao wakati wa mafunzo ndio atakaofanya nao kazi baadaye.

Kwa anayetoka kidato cha sita, utaratibu wa TCU hutaka angalau alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A huhesabiwa 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini hicho ni kizingiti cha chini cha kuingia chuo kikuu kwa jumla, na kozi nyingi za afya huweka chao cha juu zaidi, huku zikitaka Kemia na Baiolojia na mara nyingi Fizikia. Mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndio unaofungua milango mingi, na CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, nao hufungua kadhaa. Aliyeishia kidato cha nne asijione ameachwa nyuma. Stashahada inayotambuliwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu ya ufundi, humpeleka chuo kikuu akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi, na nimewaona wengi waliopita njia hiyo wakiwashinda wenzao wa kidato cha sita, kwa kuwa walifika darasani wakiwa wamekwisha kuchunguza visima, machinjio na majiko ya mikahawa. Mwongozo wa udahili hutolewa upya kila mwaka. Soma wa mwaka wako, usisome wa kaka yako.

Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ndiyo ya kuanzia. Tayarisha mapema cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya mitihani na barua ya sheha, maana nyaraka hizi ndizo zinazowachelewesha watu.

Masomo yenyewe

Somo linalowatisha wengi ni takwimu, na ndilo litakalokulisha. Nitatoa mfano wa hesabu ambayo kila mhitimu anapaswa kuifanya akiwa amesimama. Tuseme harusi imefanyika Wete, watu 120 wamekula na kunywa, na siku ya pili 44 kati yao wanaharisha. Minong'ono inasema ni sharubati ya ukwaju. Unawahoji wote, si wagonjwa peke yao, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Unapata kwamba 80 walikunywa sharubati, na 40 kati yao waliugua, yaani asilimia 50. Waliobaki 40 hawakuinywa, na 4 tu kati yao waliugua, yaani asilimia 10. Mnywaji basi alikuwa na hatari mara 5 ya asiyekunywa. Ungewahoji wagonjwa pekee, ungejua tu kwamba 40 kati ya 44 walikunywa, jambo ambalo pengine lingekuwa kweli pia kuhusu wali, kwa kuwa wali hakuna asiyekula. Bado hujamaliza. Huenda sharubati ilimiminwa upande wa wanawake peke yake, na huko huko ndiko kulikopelekwa sufuria iliyopikwa usiku na kulala bila ya kupashwa moto. Ni lazima uitenganishe sharubati na sufuria kabla ya kumtaja mtu yeyote, kwa sababu katika kijiji mpishi akitajwa kwa makosa hapati tena kazi ya harusi.

Jifunze mapema programu zisizolipiwa: Epi Info kwa uchunguzi wa milipuko, R kwa takwimu nzito, QGIS kwa ramani, na KoboToolbox au ODK kwa kukusanya majibu kwa simu. Mfumo wa DHIS2, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndio unaopokea takwimu za vituo vya afya vya Zanzibar, na kijana anayeweza kuutumia kutoa ripoti ya wilaya bila ya kushikwa mkono huonekana upesi.

Chuoni utafundishwa kwa Kiingereza, lakini utamhoji bibi wa Micheweni kwa Kiswahili, na pengo hilo hakuna somo linaloliziba. Dodoso nyingi huharibika katika tafsiri. Ukiuliza "Je, mtoto amepata homa?" mmoja atakujibu kuhusu joto la mwili na mwengine kuhusu malaria, kwa kuwa neno ni moja. Ukiuliza kuhusu degedege, yako majumba ambamo jambo hilo halihusishwi na hospitali hata kidogo, na mzazi atanyamaza ili usimcheke. Andika maswali yako, wasomee watu watano wa shehia nyengine, waambie wakueleze kwa maneno yao walichokielewa, kisha uyaandike tena.

Mafunzo kwa vitendo na tasnifu

Mafunzo haya yasichukuliwe kama likizo yenye sare. Ukipata nafasi, omba kupelekwa Pemba hata kama wewe ni wa Mjini. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kitaliano, na kazi zake juu ya minyoo, kichocho na maradhi mengine zinajulikana mbali. Mwanafunzi anayetazama kwa macho yake mayai ya kichocho chini ya darubini, kisha akapelekwa kwenye kijito ambamo watoto wanaoga na konokono wamo, anaelewa kwa siku moja kwa nini dawa peke yake haitoshi: mkojo huingiza mayai majini, konokono huwalea wadudu, na wadudu huingia tena kupitia ngozi ya mtoto aliyekwisha kutibiwa wiki iliyopita.

Ukifika shehiani, anza kwa sheha, na uende na barua. Nyumba utakazobisha hodi saa nne asubuhi utawakuta watoto na wazee. Baada ya alasiri utawakuta wengi zaidi. Kama maswali yanahusu uzazi, mhoji awe mwanamke. Mwezi wa Ramadhani usipange kazi ya kugawa dawa mchana, wala usipange kuzifikia shehia za mabondeni katikati ya masika bila ya siku za akiba. Haya hayamo katika silabasi, na mimi sikuyajua mpaka nilipomaliza siku tatu katika kijiji kimoja nikiwa na dodoso sita zilizojazwa.

Kwa tasnifu, utahitaji kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kumhoji mtu wa kwanza, na kwa utafiti wa afya hapa kwetu mlango ni Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Tuma maombi mapema, mada ingali ndogo. Mada ndogo ndiyo bora: usalama wa maji ya visima vya shehia moja hukamilika, "changamoto za afya Zanzibar" haikamiliki.

Kazi zilizopo

Mwajiri mkubwa ni Serikali, na kazi ya kwanza ya wengi ni uafisa afya wa wilaya, katika wilaya 11 za Unguja na Pemba. Sheria ya Afya ya Jamii na Mazingira ya mwaka 2012 ndiyo inayompa afisa huyo nguvu ya kuingia jikoni kwa watu. Atakagua mikahawa ya Forodhani na majiko ya hoteli za Nungwi na Paje, atahakikisha wapishi wamepimwa afya, atachukua sampuli za maji, na bandarini na uwanja wa ndege atasimamia afya ya wasafiri. Wazee bado wanamwita bwana afya, hata akiwa mwanamke, na wenye mikahawa humtambua kwa mbali kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Kazi ya pili, ambayo binafsi naipenda zaidi, ni ya ufuatiliaji wa maradhi. Malaria ni mfano mzuri. Zanzibar ilikaribia kuishinda katika mradi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950, mradi ukasitishwa mwaka 1968, na maradhi yakarudi kwa nguvu. Safari hii, baada ya dawa mseto za mwaka 2003 na vyandarua na upuliziaji wa majumba vilivyofuata, maambukizi yameshuka chini ya asilimia 1, na kila mgonjwa anayepatikana kituoni huripotiwa kwa simu ili afisa wa ufuatiliaji aende nyumbani kwake, awapime wa nyumba hiyo na aulize nani amesafiri. Kazi hii inataka mtu mwenye subira, kwa sababu siku nyingi atapima watu kumi asimkute hata mmoja mwenye vimelea, na bado lazima aandike kwa ukamilifu ule ule. Mipango ya kutokomeza matende, ambayo ugawaji wake wa dawa kwa watu wote ulianza mwaka 2001, pamoja na ile ya kichocho na kipindupindu, inahitaji watu wa aina hiyo hiyo.

Nje ya Serikali zipo ofisi za mashirika ya Umoja wa Mataifa, mashirika yasiyo ya kiserikali, na miradi ya utafiti. Mishahara yake huvutia, ila mikataba huwa ya mwaka mmoja au miwili na hufuata pumzi ya mfadhili. Anayekwenda huko aweke akiba tangu mwezi wa kwanza, na kila mradi unapofungwa aombe barua inayoeleza alichokifanya hasa. Hoteli kubwa nazo huajiri wasimamizi wa usalama wa chakula na maji, kazi ambayo wahitimu wetu wanaidharau bila ya sababu.

Kuomba na kusailiwa

Nafasi za Serikali hutangazwa kupitia Tume ya Utumishi Serikalini. Katika wasifu wako usiandike "nina uwezo wa kufanya kazi katika timu". Andika kwamba ulisimamia wahoji wanne, mkafikia kaya 300 kwa siku kumi na mbili, ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Usaili wenyewe mara nyingi huzunguka tukio moja. Kwa mfano: umepigiwa simu kwamba watu wanne wa shehia moja wanaharisha maji mfululizo, utafanya nini? Mwombaji dhaifu hukimbilia elimu ya afya na mabango. Mwombaji mzuri huanza kwa kuthibitisha habari yenyewe na kuhakikisha wagonjwa wanapata maji ya chumvi na sukari au dripu. Huchukua sampuli za vinyesi kabla dawa hazijatolewa, hutoa taarifa wilayani siku hiyo hiyo bila ya kusubiri maabara, hufungua orodha ya wagonjwa yenye umri, makaazi, saa ya kuanza kuugua na chanzo cha maji, kisha hutembelea kisima na choo vilivyo karibu akiwa na klorini mkononi. Mabango huja baadaye. Jizoeze kulieleza hilo kwa Kiswahili safi kwa dakika tano, kwa kuwa wengi hulijua kwa Kiingereza tu na hukwama.

Shahada ya uzamili

Nenda baada ya miaka miwili au mitatu ya kazi. Anayeunganisha moja kwa moja hukaa darasani akisikia habari za ripoti za kila wiki na uhaba wa vitendanishi kama ngano za mbali. Kwa aliyekwisha kuajiriwa, mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani yaliyoanza nchini mwaka 2008 kwa ushirikiano na Muhimbili yanafaa kuliko shahada nyingi za nje, kwa sababu sehemu kubwa ya muda hutumika kwenye milipuko halisi. Kwa anayetaka kwenda ng'ambo, ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza na ule wa DAAD kwa Ujerumani huangalia sana uzoefu wa kazi na mpango wa kurudi, kwa hiyo barua yako itaje tatizo moja la shehia unayoifahamu na utakalolifanya utakaporudi. Na kabla ya kukubali nafasi katika chuo chochote cha nje, hakikisha na TCU kwamba chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa, kisha peleka nakala ya barua ya udahili kwa mwajiri wako na uombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, maana aliyeondoka kwa ruhusa ya mdomo huweza kurudi akiwa na shahada ya pili na akakuta jina lake halimo tena katika orodha ya mishahara.